Laptopu ya 4GB, Vim, kuandika makala na bao la jioni: jibu kwa kijana wa Tanga

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nipo Tanga, nimemaliza diploma ya kompyuta mwaka jana, naandika Python na JavaScript ya kawaida. Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu 4GB, natumia edita (programu ya kuandikia kodi) ya VS Code na inakuwa nzito sana. Jamaa ninaofanya nao vikazi vya mtandaoni wanasema developa wa kweli anatumia edita ya Vim, je nihame? Pili, naona wakubwa wanaandika makala kuhusu kazi zao, mimi bado mchanga sijui niandike nini. La mwisho, jioni nacheza bao na wazee kijiweni, naanza kuona napoteza muda, niache nikomae na kusoma?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza. Ntaanza na la mwisho manake ndo linalobeba yale mawili ya kwanza. Bao usiache. Na sisemi hivi ili kukufurahisha, nasema kwasababu watu wengi wanaoingia kwenye hii kazi wanakwama palepale, wanajifunza edita, wanajifunza maktaba mpya kila mwezi, wanaangalia video za mafunzo mpaka usiku wa manane, alafu ukimuuliza haya sasa unataka kutengeneza nini anakuonyesha ile programu ya kuorodhesha mambo ya kufanya ambayo kila mtu anayo. Hana kitu chake. Na mtu asiye na kitu chake hawezi kujua edita ipi inamfaa wala hawezi kuwa na cha kuandika, atakuwa anafuata maneno ya watu tu. We unacho kitu, tena kigumu na kitamu, unakaa nacho kila jioni na walimu wako wapo hapohapo kwenye benchi bure kabisa.

Hebu liangalie bao la kiswahili kwa jicho la programu. Mistari minne, kila mmoja mashimo 8, jumla mashimo 32, kete 64, kila mtu 32. Mwanzo wa mchezo nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, inakuwa na kete 6, mashimo mawili yanayofuata pembeni yake 2 na 2, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja. Mchezaji anazungusha kete kwenye mistari yake miwili tu, haendi kwa mwenzake, kwahiyo kwa kompyuta upande wa mtu mmoja ni orodha ya namba 16 basi. Ukihesabu kuanzia kushoto kwako, mstari wa mbele ni 0 mpaka 7, unakunja kona, mstari wa nyuma ni 8 mpaka 15, kwahiyo 8 ipo nyuma ya 7 na 15 ipo nyuma ya 0. Mwenzako nae anahesabu hivyohivyo kuanzia kushoto kwake, na sababu mmekaa mnatazamana, shimo lake linaloangaliana na shimo lako la mbele namba i ni 7 - i. Kusogea shimo moja ni (i + d) % 16, hiyo % ni baki la kugawanya, na d ni 1 ukienda upande mmoja na -1 ukienda upande wa pili.

Sasa hapohapo, kabla hata hujafika kwenye kula, kuna kitu kinakusubiri. Kwenye Python -1 % 16 inakupa 15, ndo unachotaka, kete inatoka shimo la 0 inazunguka kwenda la 15. Andika hesabu hiyohiyo kwenye JavaScript utapata -1, shimo ambalo halipo, na JavaScript wala haitalalamika, itakupa undefined (hakuna kitu), ukijumlisha inakuwa NaN (sio namba) na ubao wako mzima unaharibika kimyakimya. Dawa yake ni kuandika (i + d + 16) % 16. Umeona, hiki kitu kinafundishwa kwenye kila kozi kwa sentensi moja na kila mtu anakisahau, lakini wewe ukikutana nacho huku kete zako zinapotea hutakisahau mpaka uzeeni.

Na kupotea kwa kete ndo zawadi kubwa bao linayokupa, kwasababu kete haziongezeki wala hazipungui. Wakati wowote ule, katikati ya mchezo, baada ya kula, baada ya kutakasa (kucheza bila kula), jumla ya kete za mashimo yote pamoja na zilizobaki mkononi kwa wote wawili lazima iwe 64. Weka huo mstari mmoja kwenye jaribio lako, ile programu ndogo inayokagua programu yako, ucheze michezo elfu moja ya kubahatisha kompyuta ikijicheza yenyewe, na jumla ikitoka 63 hata mara moja ujue kuna mahali umekosea. Watu wanalipia kozi kujifunza kuandika majaribio ya namna hii, kitu ambacho lazima kibaki kweli muda wote haijalishi nini kimetokea, wewe umekipata kwenye ubao wa mti.

Alafu ndo zinakuja sheria zenyewe, na hapa ndo patamu. Ukila kwenye kichwa (shimo la mwisho la mstari wa mbele) au kimbi (hilo au la pili yake) lazima uanzie kugawa kwenye kichwa cha upande huohuo, ukila shimo la katikati wakati wa kunamua unachagua upande, lakini ukishaanza safu ya kula unaendelea na mwelekeo ule. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu unalala, zamu yako imeisha. Ikiangukia kwenye nyumba ambayo bado ni nyumba unaweza kusimama au unaweza kusafiri, yaani kuzichukua kete zake uendelee kugawa. Hiyo "unaweza" ni uamuzi unaotokea katikati ya hatua, sio mwanzoni, na programu nyingi za michezo ubaoni zimeandikwa kwa kudhani kwamba mchezaji anaamua mara moja alafu mashine inamalizia. Kwenye bao haiko hivyo, kwahiyo lazima ufikirie upya jinsi ya kuwakilisha hatua moja. Na kuna misimamo ambayo kete zinazunguka na kuzunguka muda mrefu sana, kama hujaweka kikomo programu inaganda na utadhani laptopu imekufa. Mi nakwambia kwa dhati kabisa, mtu akiniletea bao lililoandikwa vizuri lenye majaribio na maelezo, namsikiliza kabla ya yule mwenye vyeti kumi vya mtandaoni.

Sheria nyingine waulize wazee wako. Kutakasa ukiwa na nyumba ni vipi, nyumba inavunjika lini, hapo kila kijiwe kinaweza kuwa na msimamo wake na usije ukachukua tu kile ulichokikuta kwenye intaneti ukadhani ndo neno la mwisho. Na funksheni zako zipe majina yaleyale wanayotumia wao, namua(), takasa(), safari(), ukirudi baada ya miezi sita utaelewa mwenyewe ulikuwa unafanya nini.

Wala sio wewe wa kwanza kuingia na kitu cha nje kwenye programu. Larry Wall, aliyetoa lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, alisomea isimu, yeye na mkewe walikuwa na mpango wa kwenda kusomea lugha ambayo haijaandikwa, huenda Afrika, waitengenezee maandishi. Mpango ule ulikwama kwa sababu za afya akaishia kwenye kompyuta, lakini ukiitazama Perl unaona kabisa mtu wa lugha, ina mambo ambayo maana yake inabadilika kutokana na yanayoizunguka, kama sentensi za watu. Unaweza usiipende Perl, wengi hawaipendi, ila huwezi kusema imetoka kwa mtu asiye na kitu chake.

Haya, tuje kwenye laptopu na edita.

VS Code kuwa nzito kwenye 4GB sio kosa lako na wala sio kwamba ni edita mbaya. Imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake kuna Chromium nzima, brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake, na Node.js inayoendesha JavaScript nje ya brauza, kwahiyo ukiifungua alafu ukafungua na Chrome yenye tabu kumi na mbili ni kama una brauza mbili kubwa zinagombania ramu ileile. Kabla hujahama fanya hivi, nenda kwenye menyu ya Help ufungue Process Explorer, utaona nani anakula ramu kiasi gani, mara nyingi ni ekstensheni mbili tatu ulizoweka siku moja ukazisahau. Jaribu pia kuifungua kwa code --disable-extensions uone tofauti, ikiwa nyepesi basi umepata jibu, rudisha moja moja. Folda ya node_modules, ile ya maktaba za JavaScript, iweke kwenye mpangilio wa files.watcherExclude isiwe inafuatiliwa muda wote. Na kama hiyo laptopu bado ina diski ya kuzunguka, hela ya kwanza utakayoipata weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, manake ramu ikijaa kompyuta inaanza kutumia diski na diski ya kuzunguka ndo inayokufanya usubiri mpaka ukate tamaa. Linux yenye Xfce, muonekano mwepesi wa desktopu, nayo inasaidia sana kwenye mashine za hivyo, ukiwasha zram inayobana data ndani ya ramu unapumua kidogo.

Vim sasa. Hao jamaa zako wamekosea kwa namna wanavyolisema ila kitu chenyewe ni kizuri. Hakuna developa wa kweli na wa uongo kwa sababu ya edita. Miaka ya nyuma walau kulikuwa na hoja, kwamba edita hii inajua lugha yako na ile haijui, lakini mwaka 2016 Microsoft walipotoa ile itifaki ya LSP, ambayo inatenganisha edita na ile programu inayoielewa lugha, hoja hiyo ilikwisha. Programu ileile inayokupa mapendekezo ya Python inaweza kuongea na VS Code, na Neovim iliyotokana na Vim, na Emacs, edita nyingine ya siku nyingi. Neovim wameijumuisha LSP ndani kwa ndani tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021. Kwahiyo ukichagua, chagua kwa mikono yako na kwa ramu yako.

Kwa upande wako ramu inasema Vim inakufaa. Inafunguka papo hapo hata kwenye mashine ya zamani sana, na siku utakayoingia kwenye sava ya mteja kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, mara nyingi utaikuta vi, mzazi wa Vim, inakusubiri. Lakini kitu kinachonifanya niipende ni kwamba amri zake zinaungana kama maneno. Herufi d ni futa, c ni futa uanze kuandika, iw ni neno uliposimama, i( ni kilichomo ndani ya mabano. Ukishajua hizo nne tayari unajua ciw, di(, ci(, diw bila kuzikariri, na nukta inarudia kitendo cha mwisho. Kwa mfano una faili la wateja namba zao zimeandikwa kwa 0 mbele na mfumo unataka 255, unarekebisha ya kwanza, unashuka kwa Enter ili usimame mwanzo wa mstari unabonyeza nukta, unashuka tena unabonyeza nukta. Au unaandika :%s/^0/255/ mara moja yanabadilika yote. Ukishazoea hivyo, kushika mausi kwa ajili ya kazi ndogondogo unaona ni mzunguko mrefu.

Andika vimtutor kwenye terminali, ni somo la kama nusu saa linakuja na Vim yenyewe, halihitaji bando. Lirudie tena kesho yake. Na sio lazima uhame kwa siku moja, VS Code ina ekstensheni ya vitufe vya Vim, unaweza kuanza nayo hiyo mpaka vidole vizoee.

Na kwa sababu wewe ni mtu wa Afrika Mashariki kuna kitu nataka ukione mwenyewe. Fungua Vim bila faili, mara nyingi kwenye ule ukurasa wa kukaribisha kuna mstari unaosema wasaidie watoto maskini wa Uganda, andika :help uganda usome. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim akaitoa kwa watu mwaka 1991, alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu wa upande wa Kagera, mwaka 1994. Akaona watoto walioachwa yatima na UKIMWI, akarudi kwao, na kuanzia hapo Vim ikawa ni programu ya bure ambayo anayeipenda anaombwa achangie kituo cha watoto cha Kibaale. Alifariki Agosti 2023 na mpaka anafariki alikuwa bado anaitunza. Nimeshika edita nyingi, hakuna nyingine inayonigusa hivyo, mamilioni ya watu duniani wanafungua kifaa chao cha kazi wanakutana na kijiji cha huku kwetu.

Kitu kingine kuhusu edita, usiifanye dini kwasababu zinakufa. Atom ya GitHub ilikuwa ndo habari ya mjini, ilitoka kwa watu mwaka 2014, kila mtu anaisifia, Disemba 2022 ikafungwa rasmi. Na hiyo Electron unayoilalamikia ilizaliwa kutoka humohumo kwenye Atom. Waliobaki salama ni wale ambao kazi zao zilikuwa kwenye faili za maandishi ya kawaida na maarifa yao yalikuwa kwenye vitu vinavyohamishika, jinsi ya kutafuta, jinsi ya kusoma kosa, jinsi ya kutumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako.

Na Git ndo ningependa uitie nguvu kuliko edita yoyote. Watu wengi wanajua amri tatu, add, commit, push, wanaishia hapo wanaichukulia kama sehemu ya kutunza nakala tu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika Aprili 2005 baada ya kampuni iliyokuwa na BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo, kuondoa ruhusa ya kuitumia bure kwenye Linux, na aliitengeneza kwa ajili ya mradi wenye watu wengi sana na mabadiliko mengi kila siku, kwahiyo ndani yake kuna vifaa vya upelelezi ambavyo watu hawavigusi. Chukua git bisect. Turudi kwenye bao lako, jaribio la 64 limeanza kufeli leo, mwezi uliopita lilikuwa linapita, katikati kuna komiti mia moja, yaani mabadiliko mia moja uliyoyahifadhi. Unaandika git bisect start, unaiambia hii ya leo ni bad, ile ya mwezi uliopita ni good, Git inakupeleka katikati, unaendesha jaribio, unasema good au bad, inakata nusu tena. Kwa komiti mia moja ni hatua kama saba, kwa elfu moja ni kama kumi. Na kwa sababu tayari una jaribio unaweza kuandika git bisect run ikifuatiwa na amri ya kuendesha jaribio lako, Git inafanya yenyewe wewe unakunywa chai, ikimaliza inakuonyesha komiti iliyopoteza kete. Ila hii inafanya kazi vizuri kama komiti zako ni ndogondogo na kila moja inafanya jambo moja. Ukiwa ni mtu wa kurundika kazi ya wiki nzima kwenye komiti moja yenye maelezo "marekebisho", bisect itakuonyesha rundo, utabaki unachambua kwa macho.

Hukuniuliza kuhusu akili mnemba lakini najua utaniuliza. Tumia. Ila kwa sasa, kwenye bao, sheria ziandike wewe kwa mkono wako, iombe ikusaidie kukosoa au kukueleza kosa usilolielewa. Hizi mashine zimesoma chess mpaka basi, bao la kiswahili zimelisoma kidogo, zinaweza kukuchanganyia na mancala nyingine, yaani michezo ya jamii ya bao, kwa kujiamini kabisa, na kama hujui sheria huwezi kuona. Ukitaka mtihani ni huu, kila mstari inaokuletea uweze kunieleza unafanya nini na kwanini. Ukishindwa usiuweke.

Bando likiisha usikae bure. Weka Zeal, unashusha mara moja nyaraka za Python na JavaScript unazisoma bila intaneti, na kwenye terminali una man na pydoc za kusomea maelezo. Kusoma nyaraka zenyewe badala ya kukimbilia video kunachosha mwanzoni, ila ndo kunamfanya mtu ajitegemee.

Sasa kuandika. Unasema bado mchanga, huna cha kuandika. Mi nasema huu ndo wakati wako mzuri wa kuandika, manake mimi nimeshasahau ni kitu gani kinamchanganya mtu anayeanza, wewe bado unakihisi. Ile ya -1 % 16 niliyokueleza hapo juu, ikikutokea, hiyo ni makala nzima. Andika ulitaka nini, ulipata nini, ulijaribu nini, kipi kilifanya kazi, na toleo la Python au Node ulilokuwa nalo. Aya nne tano inatosha. Usianze na historia ya kompyuta wala "katika ulimwengu wa leo wa teknolojia", anza na kosa lenyewe. Anayekuja kusoma amekwama saa nne za usiku, anataka kuona kama wewe nawe ulikwama palepale.

Mimi mwenyewe naandika kwanza kwa ajili yangu. Nusu ya vitu nilivyowahi kuandika nimevirudia mwenyewe kutafuta jinsi nilivyotatua jambo fulani. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana, ukijaribu kuandika kitu unachodhani unakielewa, mahali usipopaelewa panajitokeza, sentensi inakataa kuisha. Ukikwama kwenye sentensi rudi kwenye programu, mara nyingi na programu nayo ina shida hapohapo.

Na usidhani kuandika ni pambo la pembeni. Ushahidi, ile programu ya Kenya iliyokuja kutumika mpaka Haiti kwenye tetemeko la 2010, ilianza na maandishi. Ory Okolloh alikuwa anaandika kwenye blogu yake wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, watu wanamtumia taarifa za mambo yanayotokea mitaani, mwanzoni mwa Januari 2008 akaandika kuuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Waliosoma ndo waliojibu, kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambao nao wengi wao walikuwa waandishi wa mambo yao mtandaoni, na ndani ya siku chache kitu kikawa hewani. Angekuwa haandiki, au angekuwa na wazo akalifungia kwenye daftari, wale watu wasingekutana. Na upande wa Kiswahili tulishakuwa na watu kama Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, akiandika Kiswahili mtandaoni wakati wengi walikuwa wanaamini intaneti ni ya Kiingereza.

Vifaa vya kuandikia usivipe muda mwingi, hapa ndo watu wanapotelea, wanatumia mwezi mzima kuchagua muonekano na hawajaandika hata aya. Folda moja, faili za Markdown, zipo ndani ya Git. Markdown ipo tangu 2004, ni maandishi ya kawaida, hata kila kitu kikifa utaweza kuyafungua na Vim. Ukitaka kuyafanya tovuti Hugo inatosha, ni faili moja la programu, inafanya kazi kwenye mashine dhaifu, na kurasa zinazotoka ni nyepesi, mtu mwenye bando la mia tano anazifungua bila kuumia. Acha RSS iwe imewashwa, ndo inayompelekea msomaji makala zako mpya bila kutembelea tovuti. Google Reader, programu ya kusomea RSS, ilifungwa Julai 2013 watu wakatangaza RSS imekufa, haijafa, wasomaji wazuri bado wanaitumia na podikasti nyingi zinatembea juu yake. Anuani ya tovuti ukiweza lipia yako mwenyewe, ili ukihama mahali pa kuhifadhi wasomaji wasikupoteze. Na kwa kuwa upo Tanzania, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zikatoka upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye, zinagusa mambo ya leseni, zisome kwenye tovuti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwenyewe hasa kama una mpango wa kwenda mbele ya maelezo ya kazi zako, ukaanza kutoa habari au kuweka matangazo.

Usichanganye ya mteja na ya kwako. Ukiandika kuhusu tatizo ulilolikuta kazini, toa majina, toa namba za simu, toa funguo za API (nywila za programu kuongea na huduma nyingine), tengeneza mfano mdogo unaoonyesha tatizo lilelile bila siri za mtu. Hiyo nayo ni kazi nzuri, mara nyingi ukiwa unapunguza mfano uwe mdogo ndo unagundua chanzo. Na kabla hujapushi kitu chochote kwenye sehemu ya wazi pitia git log -p uone hujawahi kuweka nywila humo hata siku moja, manake ukiifuta leo kwenye historia bado ipo. Ikiwa imeshatoka, usihangaike kuificha, ibadilishe hiyo nywila kwanza.

Andika Kiswahili. Najua utasikia kwamba ukiandika Kiingereza utasomwa na dunia nzima, na kama unataka kufanya hivyo fanya, hakuna ubaya. Lakini makala ya elfu kumi ya Kiingereza kuhusu % ya JavaScript haimwongezei mtu kitu, na makala ya Kiswahili kuhusu jinsi ya kuliandika bao, yenye majina wanayoyatumia wazee wa hapo Tanga kwa kila hatua, nani mwingine atakuandikia? Waombe ruhusa kabla ya kuwataja, na ukiandika sheria walizokueleza warudie usome mbele yao, watakurekebisha, watabishana wenyewe kwa wenyewe, na huo ubishi wao uandike pia, kwamba huyu anasema hivi na huyu anasema vile. Programu yako iweze kucheza kwa namna zote mbili, weka chaguo. Hapo utajifunza mambo ya usanifu ambayo hakuna kozi itakupa.

Kitu kimoja tu kwenye Kiswahili chako, ujumbe wa kosa usiutafsiri. Kama terminali imesema TypeError ikifuatiwa na maneno yake, ubandike kama ulivyo, herufi kwa herufi, juu kabisa ya makala, alafu eleza kwa Kiswahili chini yake. Mtu aliyekwama Mbeya au Bujumbura ataukopi ule ujumbe kutoka kwenye skrini yake na kuutafuta, na ndo njia pekee atakayokupata.